Mchanga wa Musanaa

Mchanga wetu ulikataliwa.
Wataalamu walikuja na chekecheke,
wakauchota, wakaupima chembe kwa chembe,
wakasema una makombe, utawakata wachezaji nyayo.
Basi malori yakapanga foleni siku ishirini na mbili
yakimwaga mchanga mgeni juu ya mchanga mwenyeji.
Mama yangu, Bi Raya, alikuwa jikoni anakuna nazi.
Alicheka hadi mbuzi ikayumba chini yake.
"Kuleta mchanga Batina! Si wangepeleka karafuu Pemba?"

Mimi nilipewa reki.
Reki pana, ya meno thelathini,
na kazi moja: kufuta.
Mechi ikiisha tuna dakika saba.
Mimi na Shafiqul wa Silheti tunaanza pembeni,
tunarudi kinyumenyume
tusije tukaacha alama zetu wenyewe.
Ukiifanya vizuri kazi ile
hakuna mtu aliyewahi kupita hapo.

Michezo ilikuwa na historia yake katika kijitabu cha kung'aa:
Bali, elfu mbili na nane; kisha sisi, elfu mbili na kumi;
michezo kumi na minne ya ufukweni, bara zima la Asia,
bendera zimepangwa kwa alifabeti.
Shafiqul alikuwa na historia yake begani.
Kiarabu chetu kilikuwa cha saruji: leta, weka, basi;
kilichobaki tulikisema kwa mikono.
Akafungua kifungo. "Hii Doha, mwaka wa sita.
Jukwaa. Nondo iliteleza.
Siku ya ufunguzi nilikuwa kambini, mbele ya runinga,
moto umewashwa, watu wamejaa, wanashangilia.
Nikawaambia wenzangu: wamekalia bega langu."
Hakusema kwa uchungu.
Alisema kama mtu anayekuonyesha picha ya nyumba yake.

Niliona mengi, sikatai.
Farasi wanakuja mbio, mpanda kainama,
mkuki unang'oa kigingi, na vumbi linabaki limesimama peke yake.
Wacheza kabadi na pumzi moja, neno moja, kabadi kabadi kabadi,
mtu anavuta mstari kwa ncha ya kidole cha mguu
na kumi wamemlalia mgongoni.
Nani alishinda? Waulize wenye vijitabu.
Mimi niulize nyayo.
Kuna golikipa mmoja, kabla ya kila penalti,
aliandika herufi mchangani kwa kidole gumba cha mguu.
Hati ya kwao. Sikuweza kuisoma.
Nikaifuta mara tano, na mara ya sita mkono ulisita.

Usiku wa kufunga, fataki upande wa bandari,
kila mwenye kitambulisho kaenda kuangalia.
Uwanja namba mbili tulikuwa tumeshausawazisha.
Hakuna mechi tena. Hakuna wa kuukanyaga.
Shafiqul akavua mabuti.
Mpira hatukuwa nao; tulikunja utepe wa mistari ukawa duara.
Tukacheza hadi jenereta likazimwa.
Yeye anasema tisa kwa saba. Nasema tisa kwa nane,
na ubishi huu haujaisha, kila Idi ananitumia sauti kwenye simu:
"Saba, ndugu yangu. Saba."

Alfajiri msimamizi Mubaraka akaona uwanja umevurugwa.
Hatukujibu. Akatukata nusu siku.
Nusu siku kwa fainali! Wapi utaipata kwa bei hiyo?

Michezo ikahama. Haiyang, Phuket, Da Nang,
kisha Sanya, ikaahirishwa, ikaahirishwa tena.
Hapa siku hizi ni hoteli; watu hufunga ndoa,
bibi harusi hushika kanzu yake isiguse chini.

Wiki ile ile ya mwisho Mama aliagiza debe moja
la ule mchanga wa malori, apandie mrehani.
Nikampelekea. Akauchekecha kwa chekecheke ya unga,
taratibu, amekaa juu ya ile mbuzi yake.
Akaniita. Akakunjua kiganja:
kombe moja, dogo kuliko punje ya mchele.
"Waambie," akasema, "na huu unakata."